Nimenyimwa kadi ya mkopo na benki yangu mwenyewe, tatizo nini? (Arusha)

Dereva_Sakina: Wakuu, habari za jioni. Naongoza watalii Tarangire, Ngorongoro hadi Serengeti. Niliomba kadi ya mkopo benki ninayoweka hela zangu, maana lodji zinataka zilipwe mapema na mteja bado hajamalizia salio. Jibu lao: "ombi halijakidhi vigezo". Vigezo vipi, hawasemi. Sina mkopo benki yoyote, na msimu ukichanganya naingiza kuliko mwalimu. Kwa nini yeye apewe, mimi ninyimwe? Ushauri tafadhali, kejeli pelekeni jukwaa lingine.

Mangi wa Kiboriloni: Mkuu, hiyo hela inapitia wapi? Kama posho unapewa mkononi na bakshishi ya dola unabadilisha mjini, kwenye akaunti hakuna kinachoonekana. Halafu Aprili na Mei, masika, magari yamepaki, akaunti imelala. Mshahara wa mwalimu unaingia kila mwezi.

Binti Njiro: Nimewahi kukaa dawati la mikopo. Jina lako linapitishwa kwanza kwenye taasisi za taarifa za mikopo; Creditinfo na Dun & Bradstreet ni kati ya zilizopewa leseni na Benki Kuu (BoT). Humo hayaonekani madeni ya tawini tu. Mikopo ya simu yenye benki nyuma yake, kama M-Pawa, nayo inaweza kuwemo. Mtu anadaiwa elfu kadhaa, laini alishaitupa, anashangaa kukataliwa. Na kama ulimdhamini shemeji akaacha kulipa, deni linakufuata wewe. Omba ripoti yako uisome. Ukikuta deni ulilokwisha kulipa, lipinge kwa maandishi, una haki hiyo.

Huyo mwalimu naye hukataliwa sana tu. HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa vyuo, inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, juu yake kuna mkopo mwingine, na moja ya tatu ya mshahara lazima ibaki. Hesabu ikigoma, imegoma.

Kamanda Ngarenaro: Wanabagua tu hao. Peleka maombi benki nne kwa mpigo, moja itaingia kingi.

Binti Njiro: Kamanda, usimpoteze mwenzio. Kila benki ikichungulia ripoti, inaacha rekodi. Ya tano itaona amezunguka kote na itajiuliza wenzake waliona nini.

Dereva_Sakina: Mangi umenigusa. Dola zikiingia nanunua ng'ombe, na nina kiwanja Usa River. Benki haihesabu hivyo?

Mangi wa Kiboriloni: Ng'ombe wako hawana taarifa ya benki, mkuu 😂

Binti Njiro: Kwa kadi ya kawaida hawahesabu, kwa sababu haina dhamana, wanategemea mzunguko wa akaunti. Waulize kama wanatoa kadi kwa dhamana ya amana: unafunga fedha, kikomo cha kadi kinatokana nayo. Na kuanzia sasa bakshishi ipitishe benki kwanza, ng'ombe baadaye. Kwa malipo ya mtandaoni, kadi ya Visa ya M-Pesa inafanya kazi, ila hapo unatumia hela yako mwenyewe, hukopi.

Dereva_Sakina: Nitaulizia hiyo ya amana. Ripoti je, mpaka nipande basi la Dar?

Binti Njiro: Hapana. Waulize hao waliokukataa ripoti waliyotumia ni ya taasisi ipi, kisha uwaandikie taasisi hiyo. Weka namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), na hakikisha jina linafanana na la akaunti herufi kwa herufi. Wengi hukwama hapo.