Nilimjibu shombo mzee aliyenifundisha ufundi, nimuombaje msamaha?

spana_ya_tabata: Habari zenu wakuu. Mi ni fundi magari, nilianza kama spana boi chini ya mzee mmoja hapa gereji, baadae nikaenda chuo, niliporudi bosi akanunua mashine ya kupima gari akanikabidhi mimi na vijana wanne niwasimamie, hapo ndo kichwa kikaanza kuvimba. Wiki mbili zilizopita ikaja Noah inachemsha. Mzee akaniambia ikipoa fungua kifuniko cha rejeta, iwashe, uangalie kama inatoa mapovu. Nikamjibu mbele ya mteja, "mzee siku hizi tunapima kwa kompyuta sio kwa macho". Vijana wakacheka. Mashine ilinionyesha sensa ya joto, nikabadilisha sensa na thamostati, gari ikaondoka, ikafia Chalinze. Kumbe gasketi ya hedi (kichwa cha injini) ilishaungua, yale mapovu ya mzee ndo yangenionyesha, na hedi yenyewe ikapinda. Mzee hajanisema hata neno, ananisalimia kama kawaida na hiyo ndo inaniua. Nataka kumuomba radhi ila naogopa wale vijana watanipanda kichwani.

mama_genge: Umemdhalilisha hadharani unataka kumuomba msamaha chooni? Walewale waliocheka ndo wasikie.

kona_nyekundu: Umenikumbusha bondia George Foreman, bingwa wa dunia, 1974, anakwenda Kinshasa kuzichapa na Muhammad Ali akiwa na miaka 25, hajawahi kupigwa, Frazier na Norton wote kawamaliza raundi ya pili, basi akajua dunia nzima ni ya raundi mbili. Kashuka Zaire (Kongo ya sasa) na lijibwa lake la Kijerumani, aina ileile ya mbwa wa polisi wa Kibelgiji enzi za ukoloni, raia wote wakahamia kwa Ali. Akarusha ngumi mpaka mikono ikawa mizito, mwenzie kaegemea kamba tu anazipokea, raundi ya 8 huyo chini.

mtu_chake: Hapo sikubali. Ali nae alikua mnyenyekevu lini? Si ndo huyo kila siku anajiita mkubwa kuliko wote? Kama majigambo yanaangusha angeanza yeye.

kona_nyekundu: Ali mdomo ulikua mkubwa kweli ila ulingoni alikua anamsoma mtu. Majigambo ya kuuza tiketi hayanisumbui, kibaya ni kujiona huna cha kuambiwa. Na Foreman mwenyewe alibadilika bwana, aliacha ngumi miaka kumi akawa mchungaji, akarudi na kitambi, watu wanamcheka na yeye anajicheka. 1994 ana miaka 45, yuko nyuma kwa pointi kwa Michael Moorer, raundi ya 10 akamlaza akabeba ubingwa wa dunia, tena kavaa bukta ileile ya Kinshasa!

kabureta: Nimeshika spana tangu enzi za platini na kabureta. Kijana usilete hotuba. Mashine inakwambia sensa inalalamika, kwanini inalalamika ni kazi yako. Siku ikija gari ngumu muite mzee umuulize mbele yao "hapa unaonaje", kwa fundi mkongwe huo ni msamaha tosha. Na hao vijana waache wakupande kichwani, watashuka wenyewe hedi ikiwashinda.

mama_genge: Amuulize sawa, ila neno "nisamehe" litoke mdomoni. Nyie wanaume mna mizunguko sana.

spana_ya_tabata: Mrejesho wakuu. Leo asubuhi tukiwa kwenye chai wote nikasimama, nikampa shikamoo, nikamwambia mzee siku ile nilikukosea nisamehe. Akanyamaza, akakoroga chai yake weee, halafu akaisogeza kwangu: "Hebu nipimie na kompyuta yako, hii ina sukari ngapi?" Gereji nzima chini kwa kicheko, hadi muuza chai. Baadae akaja kwenye ile Noah akaniuliza bolti za hedi nimeanza kukaza wapi, nikasema katikati naenda nje, kwa awamu. Akasema haya, akaondoka. Ila sasa jina langu hapa limeshakua Kompyuta.