Kushuka laga (korongo la mto mkavu) mpaka Mto Kerio, tubebe maji kiasi gani?

Wasee, tuko watatu huku Nakuru, Jumamosi tunataka kushuka laga moja bonde la Kerio tutokee mtoni, turudi jioni. Maji lita 2 kila mtu inatosha? Na mvua ikikuja si tutaona mawingu tu?

— Mawingu hutaona, hiyo ndio shida. Mvua inanyesha juu huko milimani, wewe chini jua linakuchoma, unashtukia tope na magogo. Hell's Gate, ile mbuga ya Naivasha, Septemba 2019 watu walisombwa korongoni hivyo hivyo. Kama juu kumenyesha msiingie, na msikae kula mahali kuta zimebanana.

— Lita 2 ni mzaha, beba 4. Kushuka ni raha, kupanda saa nane mchana na mchanga unazamisha viatu ndio utajua hujui. Mimi niliinua macho nikaona ndala na nyasi kavu zimenasa kwa mgunga juu ya kichwa changu, yaani mafuriko yalifika hapo, nikaongeza mwendo.

— Na Kerio iko na mamba, usiiname kuchota maji. Ulizeni wachungaji kwanza.

Asanteni, basi tunatoka saa kumi na moja alfajiri. Na ndala naacha nyumbani 😂