Mfungaji, mrefu au mgawaji wa mpira: timu ya kikapu ya mkoa ichaguliwe kwa vigezo gani?

Mwalimu wa Shangani ameuliza:

Salaam kwenu wapenzi wa mpira wa kikapu. Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika shule moja ya sekondari hapa Mtwara mjini. Timu ya kikapu nilikabidhiwa miaka kadhaa iliyopita, si kwa kuwa nilisomea ukocha, bali kwa kuwa katika chumba chetu cha walimu nilikuwa peke yangu niliyejua kwamba mchezaji akishadribo kisha akaushika mpira kwa mikono miwili haruhusiwi kudribo tena. Mwaka huu nimeteuliwa kuwa miongoni mwa walimu watatu watakaochagua wavulana 10 wa timu ya mkoa kwa ajili ya UMISSETA, michezo ya kitaifa ya shule za sekondari, na uteuzi utafanyika katika mashindano ya siku 3 ambamo kila shule itacheza mechi tatu au nne kwenye uwanja wa saruji usio na paa.

Nafasi nyingi hazinisumbui, kwa sababu wenye nazo wanajulikana. Inayonisumbua ni moja ya mwisho, ambayo ina wagombea watatu niliowaona katika bonanza la mwezi uliopita. Wa kwanza anatoka upande wa Masasi na ndiye aliyefunga pointi nyingi kuliko wote, ingawa karibu kila mpira uliomfikia uliishia kurushwa golini. Wa pili anatoka Tandahimba, yuko kidato cha tatu, ana urefu wa mita 1.96, ameanza kikapu mwaka jana tu, anadaka vizuri lakini anachelewa kugeuka. Wa tatu ni mfupi, wa kidato cha pili kutoka Mikindani, ambaye hakufunga zaidi ya vikapu viwili kwa mechi, lakini kila alipotolewa kupumzika timu yake ilionekana kama imesahau mpira unapelekwa wapi.

Mwenzangu mmoja anamtaka mfungaji, kwa hoja kwamba mechi huamuliwa kwa pointi. Mwingine anamtaka mrefu. Mimi moyo wangu uko kwa yule mdogo, ila nikiulizwa sababu sina zaidi ya kusema kwamba nimempenda, na hiyo si hoja ya kupeleka kwenye kikao. Naomba mnisaidie: ni mambo gani hasa niyatazame katika siku hizo tatu?

Mzee wa Ligula amejibu:

Mwalimu, pole kwa mzigo huo. Kabla hujawapima wavulana, upime uwanja. Nimecheza na kufundisha kwenye viwanja vya saruji vya kusini kwa muda mrefu, na ninakuhakikishia kwamba ringi nyingi hazipo kwenye kimo chake cha mita 3.05, moja imeinama kwa sababu ya wanaoning'inia, nyingine imepunguziwa kimo na sakafu iliyoongezwa saruji. Mvulana anayedunki, yaani anayeruka na kuutia mpira ringini kwa mkono, upande mmoja wa uwanja na kushindwa upande wa pili hajachoka, ringi ndizo zimetofautiana. Kisha utazame mstari wa pointi tatu. Shirikisho la kimataifa, FIBA, liliusogeza kutoka mita 6.25 hadi mita 6.75 mwaka 2010, lakini rangi ya viwanja vyetu haikupata taarifa hiyo. Kama mstari ni ule wa zamani, basi huyo mfungaji wako wa Masasi anarusha akiwa nusu mita karibu zaidi na ringi kuliko atakavyorusha huko taifa.

La pili ni upepo. Mwalimu wa Jiografia hahitaji kufundishwa kusi, lakini wachaguzi wengi huisahau mara mpira unapoanza kudunda. Mwezi Juni, hasa alasiri, mtupo wa mbali katika uwanja ulio wazi karibu na bahari ni nusu ustadi na nusu bahati, na kwa hiyo mimi singempa wala kumnyima mtu nafasi kwa mitupo mirefu ya saa tisa alasiri. Mechi za asubuhi zina ukweli zaidi. Mitupo huru nayo, kwa kuwa inarushwa kutoka mahali palepale bila mlinzi, hukuonyesha mkono wa mchezaji kuliko mtupo mwingine wowote: tazama kama kiwiko kinarudi palepale kila mara, hata mpira usipoingia.

Sasa kuhusu pointi. Usihesabu alizofunga bila kuhesabu alizotumia. Tuchukulie mvulana amefunga pointi 24 kwa mitupo ya kawaida 20 na mitupo huru 10, na mwingine amefunga 14 kwa mitupo 9 na mitupo huru 2. Wanaotunza takwimu huzidisha mitupo huru kwa 0.44, kwa sababu kila jozi ya mitupo hiyo hula takribani shambulizi moja, na wakati mwingine hutolewa juu ya kikapu kilichokwisha kuingia, kisha hujumlisha na mitupo ya kawaida. Wa kwanza ametumia nafasi 24.4, yaani chini ya pointi moja kwa kila nafasi. Wa pili ametumia 9.88, ambayo ni takribani pointi 1.4 kwa kila nafasi. Katika ubao wa matokeo wa kwanza ndiye shujaa, lakini timu iliyompa mpira wa pili mara nyingi zaidi huenda ingeshinda. Mpe mwanafunzi mmoja mwenye mwandiko mzuri daftari na kalamu, aweke alama kila mpira unaporushwa, na utashangaa jioni.

Huku kwetu mnunuzi wa korosho haridhiki kwa kulitazama gunia kwa nje. Huchukua sampuli, akazikata, akahesabu zilizo nzima na zilizooza. Mchezaji naye akatwe hivyo: chagua dakika 5 katika kila mechi ambazo utamtazama yeye tu, hata mpira ukiwa upande wa pili wa uwanja. Utaona kama anarudi kulinda baada ya kunyang'anywa au anasimama akimlalamikia mwamuzi. Utaona kama anamzuia mtu wake kwa mgongo mpira unapokuwa hewani, au anautazama tu ukishuka. Mambo hayo hayamo katika karatasi ya mwamuzi wa meza, na ndiyo yanayodumu mtu anapokutana na wapinzani wakubwa kuliko aliowazoea.

Kocha wa Nachingwea amejibu:

Namheshimu Mzee, lakini hapa natofautiana naye kidogo, kwa sababu amezungumza yote bila kumgusa yule wa mita 1.96. Kudribo kunafundishwa, pasi inafundishwa, kugeuka kunafundishwa. Kimo hakifundishwi. Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, akaanza kikapu akiwa na miaka 15, na kufikia mwaka 2009 alichaguliwa wa pili kwa jumla, na Memphis Grizzlies, katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, akitokea Chuo Kikuu cha Connecticut, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Joel Embiid wa Kamerun naye alianza akiwa na umri kama huo, na mwaka 2023 akatangazwa mchezaji bora wa ligi hiyo. Je, wachaguzi wa siku zile wangetumia daftari la mitupo, vijana hao wangeonekana?

Mvulana wa kidato cha tatu mwenye kimo hicho, tena anayedaka vizuri, hapatikani kila mwaka katika mikoa yetu. Udakaji ndio jambo la kutazama kwa warefu, kwa sababu mrefu ambaye mpira unamponyoka hata akilishwa karibu na ringi huchukua miaka kurekebishika. Huyu anadaka. Kuchelewa kugeuka ni suala la miguu, na miguu ya mtu aliyerefuka haraka huchelewa kuitii akili kwa muda, kisha hutulia. Mpeleke akaone wenzake, hata kama atakaa benchi.

Ila nina tahadhari moja. Shule nyingi hulinda kwa zoni, yaani kila mchezaji hulinda eneo lake badala ya kumfuata mtu, na zoni humficha mrefu mzito kwa kumsimamisha chini ya ringi. Ombeni walimu wakubali robo moja ya ulinzi wa mtu kwa mtu, ndipo mtajua kama anaweza kutoka nje kumfuata mtu na kurudi.

Bi. Mwalimu, Lindi, amejibu:

Kaka Kocha, mfano wako wa Thabeet ni mzuri, ila umeusimulia nusu. Mwaka ule ule wa 2009, nyuma ya ndugu yetu, James Harden alichaguliwa wa tatu na Stephen Curry wa saba. Thabeet, pamoja na urefu wake wa mita 2.21, alimaliza NBA kwa wastani wa pointi 2.2 kwa mechi, ilhali Curry, aliyeonekana mwembamba mno na aliyesoma chuo kidogo cha Davidson, alikuja kuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2015 na 2016. Sisemi hivyo kumpunguzia heshima Thabeet, kwani kufika pale tu ni jambo ambalo hakuna Mtanzania mwingine aliyekuwa amelifanya. Nasema tu kwamba hata watu wanaolipwa kwa kazi hiyo moja, wenye kanda za video na madaktari, hukikimbilia kimo kwa macho yaliyofumbwa. Na Michael Jordan, nyota mkubwa wa NBA, akiwa kidato cha chini katika sekondari ya Laney aliwekwa timu ya wadogo, nafasi ya timu kubwa akapewa rafiki yake Leroy Smith aliyekuwa mrefu zaidi. Jordan akarefuka baadaye.

Hapo ndipo ninapotaka kumsaidia Mwalimu. Mtoto wa kidato cha pili na kijana wa kidato cha sita hawawezi kulinganishwa kama walivyo leo. Wavulana hurefuka kwa kasi kubwa zaidi wakiwa na miaka 14 hivi, wasichana wakiwa na 12 hivi, na wapo wanaochelewa. Huyo mdogo wa Mikindani huenda hajamaliza, na huenda amemaliza. Kuna hesabu rahisi: jumlisha urefu wa baba na wa mama kwa sentimita, ongeza 13 kwa mvulana au punguza 13 kwa msichana, kisha gawanya kwa mbili. Jibu linaweza kukosea kwa sentimita 8 hivi juu au chini, kwa hiyo lisiamue, lakini ni bora kuliko kukisia kwa kumtazama mtoto viatu.

Pili, pimeni mikono. Msimamishe mvulana ukutani bila viatu, visigino vimegusa ukuta, anyooshe mikono kushoto na kulia, na uweke alama za chaki kwenye ncha za vidole. Kwa watu wengi urefu huo hukaribiana na kimo. Akizidi kimo chake kwa sentimita 8 au 10, basi uwanjani huyo ni mrefu kuliko anavyoonekana kwenye foleni ya asubuhi. Nimewahi kumwacha binti mmoja kwa ufupi, kisha nikagundua kwenye mechi ya kirafiki kwamba alikuwa anawanyang'anya ribaundi, yaani mipira inayorudi baada ya kugonga ringi, wale niliowachagua. Kosa lilikuwa langu, sikumpima.

Na umri wahakikini kwa vyeti vya kuzaliwa kabla ya mechi ya kwanza, si baada ya rufaa ya mpinzani.

Kijana wa Chikongola amejibu:

Shikamooni wakubwa. Mimi si kocha. Nilikuwa mtazamaji fainali za taifa zilipofanyika hapa Mtwara mwaka 2021, na nilichojifunza ni kutazama mechi ya pili ya siku. Ya kwanza kila mtu ana miguu. Ya pili, mitupo inaanza kugonga mbele ya ringi kwa sababu magoti hayasukumi tena, na hapo wachache wanabadilisha mchezo, wanaingia ndani kutafuta faulo au wanatoa pasi, huku wengine wakiendelea kurusha vilevile. Kama ratiba yenu ina mechi mbili kwa siku, Mwalimu, usiondoke kwenda kula chakula cha mchana.

Mwalimu wa Shangani ameandika tena:

Nawashukuru wote. Kocha, nakiri kwamba nilimhukumu mrefu kwa miguu yake bila kuitazama mikono. Nimezungumza na wenzangu jana: tumekubaliana robo ya kwanza ya kila mechi iwe mtu kwa mtu, na siku ya tatu asubuhi, kabla ya upepo, wavulana 20 wachanganywe katika timu za watu wasiofahamiana. Hapo nataka kumwona mdogo akiwagawia mpira watu asiowazoea, maana ninaanza kuogopa kwamba kilichonivutia ni mazoea yake na wenzake wa shule moja tu. Mfungaji naye nitamwona akiwa na wenzake wanaotaka mpira kama yeye. Daftari nimempa binti wa kidato cha nne anayependa Hisabati, na ameshaniuliza kama mtupo uliozuiwa kabla haujaruka unahesabiwa. Nilishindwa kumjibu.

Mzee wa Ligula amejibu:

Mpira ukishatoka mkononi kuelekea golini, huo ni mtupo hata ukizuiwa. Ukinyang'anywa ungali mkononi, andika kuwa amepoteza mpira. Binti huyo mtunzeni. Uwanja mmekwisha kuupima?

Mwalimu wa Shangani ameandika tena:

Tulijaribu leo jioni, Mzee. Futi ya shule inaishia mita 3 kamili, na hizo sentimita 5 za juu tumezibishania mpaka magharibi.

Mzee wa Ligula amejibu:

Nina futi ya fundi ya mita 10. Nitaileta kesho baada ya sala ya Alasiri, na uje na mtu wa kushika ngazi.