Naombeni kueleweshwa: OTP, APK na "ufikivu" ni vitu gani?

Mwana Nachingwea: Wakuu, habari za jioni. Naomba mtu anieleweshe kwa Kiswahili cha kawaida tofauti ya PIN, nywila na OTP. Pia APK ni nini, na simu ikiomba "ufikivu" inataka nini hasa? Nina haraka kidogo.

Fundi Ligula: Nywila na PIN unaweka mwenyewe, zinabaki zilezile mpaka uzibadilishe. OTP inakuja kwa meseji, inatumika mara moja na haikai muda mrefu. APK ni faili la kusakinishia programu kwenye Android. Ukilipata nje ya duka rasmi hujui nani kalichezea. Ufikivu uliwekwa kuwasaidia wasioona vizuri na wenye ulemavu mwingine: programu ukiipa ruhusa hiyo inasoma kilichoko kwenye kioo, na inaweza kukubonyezea. Haraka ya nini?

Mwana Nachingwea: Nataka kujua tu mkuu.

Shangazi Mikindani: Mimi walinipigia wakijiita huduma kwa wateja. Nikawauliza, kama ni nyie kweli, nitajieni jina langu. Wakakata. Mwanangu akanisifia sana, na yeye mwenyewe nywila yake ni tarehe ya kuzaliwa! Mtaa mzima tunaijua, si tulikula pilau yake?

Mpwa wa Ruangwa: Ile pesa tuma kwenye namba hii 😂

Fundi Ligula: Hakuna anayeulizia ufikivu kwa kutaka kujua tu. Umesakinisha nini?

Mwana Nachingwea: Kuna faili lilitumwa kwenye grupu letu la wakulima, la kuangalia malipo ya mnada kabla hayajaingia benki. Limetoka namba ya mjomba, mtu wa swala tano, hawezi kunitumia kitu kibaya. Ikaomba kusoma meseji na huo ufikivu, nikakubali. Kuifuta siwezi, imeandika ukiifuta malipo yanasitishwa. Halafu kuna kijana kanifuata inboksi, anasema ataisafisha simu kwa elfu thelathini, nimpe nywila tu. Naona ana nia njema.

Chuno Mjini: Uzi wa kutunga huu. Minada ya korosho inaanza Oktoba, leo Juni. Malipo gani hayo? Mnawapa watu chai.

Mwana Nachingwea: Wapi nimeandika korosho? Ni ufuta.

Mpwa wa Ruangwa: Kweli, huku ufuta ndio unauzwa sasa. Nyie wa Mtwara mjini mnadhani Kusini yote ni korosho.

Chuno Mjini: Haya, ufuta. Aweke picha ya hiyo programu basi.

Fundi Ligula: Picha baadaye. Mkuu, pesa iliyomo kwenye hiyo laini ni yako peke yako?

Mwana Nachingwea: Laini yangu, ila pesa ya kikoba imo humo. Mimi ndiye katibu. Sijawaambia wenzangu, watapata hofu bure.

Fundi Ligula: Zima data sasa hivi. Usiandike PIN yoyote kwenye simu hiyo. Azima simu, pigia mtandao wako na benki wazuie akaunti. Kisha ingia mipangilio, ondoa ufikivu, futa programu. Ikigoma, iwashe simu kwa hali salama (safe mode, programu ulizosakinisha mwenyewe hazifanyi kazi humo) ujaribu tena. Nywila zote badilishia kwenye simu nyingine. Malipo ya ufuta hayategemei una programu gani, hayo maneno ni ya kukutisha. Mjomba mpigie umsikie sauti, huenda WhatsApp yake imeshachukuliwa. Wa inboksi mzuie, namba yake itume 15040, namba ya kuripoti matapeli.

Mwana Nachingwea: Nimezima. Mjomba anasema hajatuma kitu, WhatsApp yake haifunguki tangu asubuhi. Naenda kuazima simu kwa jirani. Mweka hazina nitamwambia kesho.

Shangazi Mikindani: Kesho? Mwanangu, hizo ni pesa za watu. Ukiishika hiyo simu ya jirani, ukimaliza na benki mpigie yeye hapohapo.