Mbwa anachachamaa akiona mbwa wenzake: nimzoeshe vipi?

Tulivu
Wakuu, naomba mwongozo. Nina jike wa miaka 3, kilo 24. Nyumbani ni mpole na anatii. Matembezini, akiona mbwa mwingine hata mita 20 mbele, anakaza mwili, anabweka na kujirusha. Nikimwambia akae na kumpa nyama, haitaki, inadondoka chini. Nikimvuta na kumkaripia anazidi. Je, nimpeleke penye mbwa wengi mpaka azoee? Na inachukua muda gani?

Mfunzi_K
Usimpeleke penye mbwa wengi, tafadhali. Huko atajifunza kwamba kamba inamnyima pa kukimbilia. Na akinyamaza, mara nyingi atakuwa ameganda kwa hofu, hajazoea.

Hiyo nyama inayodondoka ndiyo kipimo chako. Mbwa anayependa nyama akiikataa, ujue mmeshasogea mno na hapo hafundishiki. Kama analipuka mita 20, anzia 40 au 50, mahali peupe unapoweza kugeuka na kuondoka. Umbali sahihi ni ule ambao anamwona mwenzake, masikio yanasimama, lakini bado anakula na kukusikia. Mdomo uliokuwa wazi ukifunga ghafla, mkia ukapanda na kukakamaa, macho yakaganda, zimebaki sekunde chache. Ondoka hapo hapo, usingoje abweke.

Zoezi lenyewe: kuku wa kuchemsha asiye na chumvi wala mifupa, vipande vya ukubwa wa punje ya njegere, 50 hivi, na upunguze chakula chake cha siku kwa kiasi hicho. Mbwa mwingine anatokea, wako anamwona, *kisha* unatoa kipande, na kingine, na kingine, mfululizo. Yule akipotea, nyama inakoma palepale. Usidai akae wala akutazame. Tunabadilisha anachohisi, na mbwa mwenye hofu anaweza kukaa vizuri kabisa huku ndani anachemka.

Wengi huharibu kwenye mpangilio. Mkono ukiingia mfukoni kabla mbwa wake hajamwona mwenzake, nyama inageuka onyo kwamba kuna mbwa anakuja. Baada ya muda anaanza kukagua barabara kila akisikia mfuko unachakarika.

Dakika 10 zinatosha, kisha rudini nyumbani. Siku utakapoona anamtazama mwenzake halafu anakugeuzia kichwa mwenyewe bila kuitwa, hapo zoezi limeingia. Hilo likijirudia kila mara, punguza mita 2 au 3. Akilipuka, rudi umbali wa mwanzo. Muda? Hesabu miezi, si siku.

KambaLegevu
Naongezea vifaa. Mvalishe mkanda wa kifuani wenye pete mbele, na kamba ya kawaida ya mita 2 hadi 3. Ile inayojikunja yenyewe iache, maana inamvuta muda wote, na kamba iliyokaza ndiyo inayowasha moto kwa wengi wao. Ilegee mpaka uone imening'inia kati yenu.

Kola za miiba, za kukaba na za umeme achana nazo kabisa. Anamwona mbwa, anaumia shingo: anachoshika ni kwamba mbwa wengine huleta maumivu. Na usimwadhibu akinguruma. Kunguruma ni onyo; ukiliua onyo unabaki na mbwa anayeuma bila taarifa.

Mfundishe pia kugeuka. Mkiwa wawili tu, sema "twende", geuka nyuma, mpe nyama akishakufuata. Rudia mpaka awe anageuka bila kufikiri, ndipo ulitumie mtu akikata kona ghafla na mbwa wake.

Mganga_wa_Mifugo
Kabla ya yote, apimwe. Maumivu ya nyonga, sikio au jino humfanya mbwa asitake kusogelewa, hasa kama tabia imeanza ghafla. Akishalipuka vibaya, mpe siku 1 au 2 za kupumzika, anuse nyasi mahali pakimya, kwa sababu mwili hautulii mara moja na tukio la pili hulipuka upesi zaidi. Kama anashinda dirishani akibwekea wapita njia, ziba dirisha. Anafanya mazoezi ya kubweka siku nzima, yale ya dakika 10 hayatafua dafu.

Tulivu
Asanteni sana. Na mbwa asiye na kamba akitukimbilia?

Mfunzi_K
Simama kati yao, mrushie yule anayekuja konzi nzima ya nyama usoni, chini ya pua yake, kisha ondokeni huku anaokota. Usimnyanyue wako. Kama amewahi kuuma, mzoeshe taratibu kifunga mdomo cha umbo la kikapu, kinachomruhusu kuhema, kunywa na kupokea nyama. Na lengo liwe apite kimya. Si lazima ampende kila mbwa anayekutana naye.