Kikundi cha Ukoo: Sentensi ya Kwanza ya Maryam

Shangazi Rukia: Assalamu alaikum. Jana niliweka hapa rasimu ya Maryam ya maombi ya chuo kikuu Uingereza, nikaomba maoni kabla ya Isha. Wengi mmeisoma na hakuna aliyejibu, nao mwisho wa kupokea maombi ni Januari. Inayonikera ni sentensi ya kwanza, ile ya kutaka kujifunza mikoko kwa kina: "I want to learn deeply about mangroves."

Hamisi: Waalaikum salaam, shikamoo Shangazi. Msomaji ataielewa, ila Mwingereza kwa kawaida hasemi hivyo. Husema "study in depth", na maneno hayo yakitangulia nomino huunganishwa kwa kistari: "an in-depth study of mangroves". Neno "deeply" hulitumia zaidi kwa hisia, kama vile "deeply grateful".

Shangazi Rukia: Marahaba. Lakini mimi nataka maneno mazito zaidi. Je, "major in" haifai?

Hamisi: Hayo ni ya Marekani. Uingereza mwombaji huchagua somo lake tangu anapoomba, kwa hiyo "study" peke yake yatosha.

Zainabu: Mimi napendekeza "delve into", kwa maana nimeliona katika mifano mingi.

Juma: Asili ya neno hilo ni kuchimba kwa jembe. Maryam anaomba chuo au anaomba kazi ya kuchimba kisima Kisauni?

Zainabu: Juma, usiitaje Kisauni mbele ya Ami.

Hamisi: Asili ni hiyo kweli. Tena siku hizi neno hilo limejaa mno katika maandishi yanayotungwa na programu za kompyuta, hata wasomaji wengi hulitilia shaka wakiliona tu.

Ami Fadhili: Afadhali Kisauni imetajwa. Barua ya Hamisi iliandikwa huko kwa pesa tulizochanga sote, ikajazwa maneno makubwa ambayo mwenyewe hakuweza kuyaeleza alipoulizwa, na mpaka leo hesabu ya pesa zile sijaiona.

Shangazi Rukia: Ami, nakuomba hilo tuliweke kando. Leo ni zamu ya Maryam.

Ami Fadhili: Liliwekwa kando hata mwaka ule.

Babu Athmani: Rukia, mwache mtoto aseme. Maryam, ulifanya nini kule Mikindani?

Maryam: Shikamoo Babu. Tangu likizo ya Agosti nimekuwa nikienda pale kando ya hori ya Tudor, hapa Mombasa, maji yakitoka, nikilinganisha sehemu zilizokatwa miti na zile zilizoachwa. Mizizi ya mchu, aina ya mkoko, huchomoza juu ya tope ili ipate hewa, na pale iliposongwa na takataka niliikuta mingi imekauka.

Babu Athmani: Marahaba, mjukuu wangu. Andika hilo. Pale ulipotazama kwa macho yako, sema "I looked closely at the roots". Lile la "studied in depth" uliweke pale tu ulipokaa na jambo muda mrefu, ukalipima na yale waliyoandika wengine, kwa kuwa atakayesoma anaweza kukuuliza. Na kwa hayo unayotaka kuyafuata huko chuoni, sema "I would like to study this in greater depth". Wala barua hii haitapita mkononi mwa mtu wa kulipwa. Nimemaliza.

Juma: Tumesikia, Babu.

Zainabu: Sawa, Babu. Naondoa pendekezo langu.

Shangazi Rukia: Basi sentensi ya kwanza ianze na ile mizizi. Mkumbuke kwamba siku hizi maombi yana maswali matatu, majibu yote yasizidi herufi 4,000 pamoja na nafasi, na kila jibu lisipungue 350. Swali la kwanza linauliza kwa nini anataka somo hili, la tatu linauliza alichofanya nje ya masomo. Mikindani iingie wapi?

Hamisi: Naona la tatu, maana hakutumwa na shule.

Maryam: Lakini Shangazi, mizizi ile ndiyo iliyonifanya nilitake somo lenyewe.

Shangazi Rukia: Tukutane Ijumaa baada ya Alasiri kwa Babu, tuyapange. Ami, utakuja?

Mama Swaleh: Samahani, nimefungua simu sasa hivi. Ijumaa nina arusi Mtwapa. Haiwezekani Jumamosi?

Shangazi Rukia: Jumamosi Babu ana kliniki. Ami, bado nangoja jibu lako.