Mkandarasi anatuzuia kuokota taka za kurejelezwa. Tufanyeje kisheria?

Mkusanyaji: Wakuu, naomba ushauri. Kikundi chetu cha watu 14 kimekusanya chupa na maboksi nyumba kwa nyumba kwa miaka sita. Sasa kampuni moja imepewa zabuni ya taka zote za mtaa. Juzi mgambo walikamata mkokoteni wetu. Maboksi yakalala mvuani, asubuhi yalikuwa uji, hakuna anayeyanunua. Tunaambiwa taka zote ni mali ya mkandarasi. Usajili hatuna, tuna daftari tu.

Wakili wa Mtaa: Pole sana mkuu. Ombeni nakala ya mkataba, msome unaitaje “taka”. Miji mingi huzihesabu kuwa zake zikishawekwa barabarani au kwenye pipa la jiji. Chupa ambayo mwenye nyumba ameitenga na kuwakabidhi mlangoni ni hoja tofauti, maana ilikuwa bado yake naye kawapa. Kusanyeni barua fupi zenye saini za wenye nyumba. Kuhusu mkokoteni, daini hati ya ukamataji leo leo. Muda wa kukata rufaa huwa mfupi.

Mwanaushirika: Jisajilini kwanza, ikiwezekana kama ushirika. Bila jina kisheria, hata mkishinda hakuna wa kusaini mkataba. Sheria ya Brazil ya 2007 iliruhusu manispaa kuyapa kazi hii mashirika ya waokota taka wa kipato cha chini bila kushindanishwa kwa zabuni. Kule Bogotá, mji mkuu wa Colombia, waokota taka walikwenda Mahakama ya Katiba. Mwaka 2003 ilisema walipaswa kushirikishwa kwenye zabuni, 2011 ikasimamisha zabuni nyingine, na 2013 jiji likaanza kuwalipa kwa uzito wa walichokusanya.

Mama Mizani: Nakubali, ila msikimbilie mahakamani. Miaka kumi kati ya hukumu na malipo, nani atakula nini? Peleka daftari kwa diwani, ombeni mkataba mdogo na mkandarasi mwenyewe: nyie mchukue vilivyotengwa, yeye abebe kinachobaki. Kila kilo mnayoichukua ni kilo asiyoilipia dampo. Daftari lina uzito?

Mkusanyaji: Lina kilo za kila siku, mama, na jina la mnunuzi. Kesho nafuata hati ya mkokoteni, na wenzangu wawili wanaanza kuzungukia saini.

Wakili wa Mtaa: Piga picha kila ukurasa wa daftari kabla hujalitoa mkononi.